Nyumba na Watu Wake: Masinagogi ya Kale Machoni pa Msafiri

Yapata mwaka 1165 Myahudi mmoja wa mji wa Tudela, kaskazini ya Hispania, aliaga kwao akashika njia ya mashariki, akazunguka nchi za Bahari ya Kati na zilizo ng'ambo yake, akarejea mwaka 1173. Jina lake Benjamin. Habari za safari yake ziliandikwa kwa Kiebrania, na wanazuoni wa historia hawajaacha kuzitegemea, maana msafiri huyu alikuwa na desturi iliyo haba miongoni mwa wasafiri: kila mji alioufikia aliuliza Wayahudi waliomo ni wangapi, wakubwa wao ni nani, na riziki yao huipata kwa kazi gani. Katika mji wa Thebes aliwakuta elfu mbili, mafundi wa hariri. Katika bandari ya Jaffa alimkuta mmoja tu, mtia rangi nguo, naye hakumdharau kwa upweke wake bali alimwandika. Nyumba za ibada pia alizitazama. Sinagogi kubwa la Baghdad alilisifu kwa nguzo zake za marumaru zilizopambwa kwa fedha na dhahabu. Lakini hesabu ya watu ndiyo iliyokuwa roho ya kitabu chake.

Msafiri wa zama hizi aghalabu hufuata mpango ulio kinyume. Hulipa ada mlangoni, huinua macho kwenye dari, huhesabu nguzo na taa, hustaajabia ufundi, kisha hutoka akiwa amejua umri wa kuta na hakujua habari za waliozijenga. Wala si haki kumlaumu upesi, kwa kuwa katika nyumba nyingi za namna hii hakuna tena mtu wa kuhesabiwa. Masinagogi mazuri mno ya dunia ya kale leo ni majumba yaliyofiwa. Kwa hiyo huzuka swali ambalo haliwezi kuepukwa na mtu mwenye fikira: nyumba ya ibada iliyosalia nzuri baada ya watu wake kuondoka, je, imeokoka au imepotea? Jibu lake si moja, kwa sababu kila nyumba iliachwa kwa namna yake.

Yafaa kwanza kuelewa sinagogi ni nini. Neno lenyewe ni la Kiyunani na maana yake ni mkutano. Kiebrania nacho huliita jengo hilo nyumba ya mkutano. Tangu Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, Wayahudi hawakuwa tena na mahali pa kutolea kafara, na ibada yao ikakaa juu ya sala na usomaji wa Taurati. Sheria haikuwaamuru kujenga kwa umbo fulani. Vinavyotazamiwa ni vichache: kabati la kuhifadhia magombo ya Taurati, ambalo kwa desturi huwekwa upande wa Yerusalemu, jukwaa la kusomea, na taa isiyozimwa mbele ya kabati. Sanamu ya kuabudiwa haimo. Kwa kuwa mengine yote yaliachwa huru, Wayahudi walijenga kwa mkono wa nchi walizokaa, hata mwenye kuyazuru masinagogi mengi huona sura za mataifa mbalimbali zikiwa zimevishwa mpango mmoja.

Liko sharti jingine, nalo si la mawe wala mbao. Sala ya jamaa haitimii mpaka wapatikane watu wazima kumi, ambao kwa desturi ya kale ni wanaume. Kibanda chenye watu kumi kinatosha kwa sala hiyo. Jumba la fahari lenye watu tisa halitoshi. Msafiri anayekumbuka sharti hili huyatazama masinagogi kwa jicho jingine, maana hutambua kwamba wajenzi wenyewe waliupima utimilifu wa nyumba kwa watu, si kwa dari.

Safari na ianzie Toledo, mji wa Hispania uliojengwa juu ya kilima na kuzungukwa na mto. Hapo pamesalia masinagogi mawili ya zama za kati, mengine yametoweka. La kwanza hujulikana leo kwa jina la Kikristo, Santa María la Blanca. Ndani yake zimo safu za nguzo nyeupe zilizobeba matao yaliyojifunga chini mfano wa chuma cha kwato ya farasi, na mtu asiyeambiwa angedhani ameingia msikitini. Dhana hiyo haiko mbali na ukweli, kwa sababu nyumba ilijengwa kwa ufundi wa Kiislamu, kwa ajili ya Wayahudi, chini ya mfalme Mkristo. La pili huitwa El Tránsito. Lilijengwa na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme Pedro wa Kwanza wa Castile, likamalizika yapata mwaka 1357. Ni ukumbi mmoja mrefu, uliofunikwa kwa dari ya mbao iliyounganishwa kwa ustadi mkubwa, na kuta zake za juu zimechorwa kwa chokaa majani, ngao za kifalme, na mistari ya Kiebrania itokayo katika Zaburi. Herufi za Kiarabu nazo zimo. Katika maandishi hayo Mungu alihimidiwa, mfalme akasifiwa, na mjenzi mwenyewe hakusahauliwa.

Sifa hizo hazikumkinga. Miaka michache baadaye mfalme yule yule aliamuru Samuel akamatwe na mali yake itwaliwe, naye akafa katika mateso mjini Seville. Mwaka 1391 ghasia zilipita katika miji ya Hispania. Wayahudi wengi waliuawa, na wengi zaidi walibatizwa kwa hofu ya upanga. Tarehe 31 Machi 1492 Ferdinand na Isabella walitia sahihi amri ya kuwataka Wayahudi wote wabatizwe au wahame kabla ya kwisha mwezi wa Julai. Muda wa miezi minne ulitosha kuzima makazi yaliyodumu zaidi ya miaka elfu moja. Nyumba ya Samuel ilipewa chama cha mashujaa wa Calatrava, ikawa kanisa, na picha ya kufariki kwa Bikira Maria iliyotundikwa humo ndiyo iliyoipa jina lake la sasa. Zamani za vita vya Napoleon ilikaliwa na askari. Mwaka 1877 serikali iliitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1964 makumbusho ya Wayahudi wa Hispania yalianzishwa humo.

Yamkini kama nyumba hizi mbili zisingalifanywa makanisa, zingalibomoka kama wenzake. Kwa hiyo mkono uliowafukuza wenyeji ndio uliohifadhi kuta zao. Msafiri akizitazama herufi za Kiebrania zilizokaa salama juu ya vichwa vya waumini wa dini nyingine kwa karne nyingi, hujifunza kwamba uzuri unaweza kutetewa na mtu asiyewapenda waliouumba. Mwaka 2015 Hispania ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa waliofukuzwa, na muda wa kuomba ulipofungwa mwaka 2019, watu zaidi ya laki moja walikuwa wamepeleka maombi yao. Mlango uliofungwa kwa miezi minne ulihitaji zaidi ya miaka mia tano kufunguliwa, na ulifunguliwa kwa muda tu.

Waliofukuzwa walikwenda wapi? Wengi waliingia Ureno, na huko mwaka 1497 walibatizwa kwa nguvu. Wazao wao waliishi kama Wakristo mbele ya watu, baadhi yao wakishika mila za kale kwa siri, hata mwishoni mwa karne ya 16 walipoanza kukimbilia Amsterdam, ambako mtu hakuchunguzwa sana moyoni mwake. Katika mji huo walijenga sinagogi lililokuwa miongoni mwa makubwa ya dunia ya wakati wake. Fundi wake mkuu alikuwa Elias Bouman. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1671 na nyumba ikafunguliwa mwaka 1675. Jengo limesimama juu ya nguzo za mti zilizokitwa katika ardhi yenye maji. Ndani, nguzo kubwa za mawe huinua dari ya mbao; taa za shaba hubeba mishumaa elfu moja; ukumbi mkuu haukutiwa umeme hata leo. Sakafu hunyunyizwa mchanga ili ufyonze unyevu na kunyamazisha vishindo vya viatu. Usiku wa ibada, mishumaa inapowashwa, nuru haitoki mahali pamoja bali huenea taratibu kama pumzi, na macho yaliyozoea taa za leo huchukua muda kuielewa.

Kabati la Taurati lilichongwa kwa mti wa jakaranda kutoka Brazil. Fundi alichagua mbao nzuri, na waliolipia walikuwa matajiri wa biashara ya bahari. Lakini Brazil ya karne ile ilikuwa nchi iliyolimwa kwa jasho la watumwa wa Kiafrika, na sukari ya watumwa ilikuwa sehemu kubwa ya utajiri wa Amsterdam, wa Wakristo na wa Wayahudi. Msomaji wa Afrika ana haki ya kulitaja jambo hilo mbele ya kabati lile. Watu waliokimbia dhuluma walipata raha katika mji ulionenepa kwa dhuluma nyingine. Na historia haimwondolei mtu hatia kwa sababu ya machozi yake, wala haimnyimi huruma kwa sababu ya hatia yake.

Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Uholanzi. Nchi hiyo ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000. Takriban 107,000 walipakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa makambini. Waliorudi walikuwa kama 5,000. Sinagogi lilipita katika miaka hiyo yote pasipo kuvunjika. Mishumaa ilikuwako, mchanga ulikuwako, mbao za Brazil zilikuwako, na mwezi wa Mei 1945 ibada ilifanyika tena. Nyumba iliwapokea waliosalia ikawa kubwa kupita kiasi kwao. Hata hivyo haikufungwa: jamaa iliyobaki, ndogo kuliko zamani, husali humo, na kwa hiyo mtu anayeizuru hana budi kutambua siku ambazo yeye ni mgeni wa jumba la kale na siku ambazo ni mgeni wa watu walio hai.

Katika mji wa Prague uharibifu ule ule ulipewa jawabu jingine. Sinagogi la Pinkas, jengo la karne ya 16, halikupambwa kwa dhahabu baada ya vita. Kati ya miaka ya 1954 na 1959 kuta zake ziliandikwa kwa mkono majina ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia waliouawa, karibu 78,000, kila jina likifuatana na tarehe. Mwaka 1968 nyumba ilifungwa kwa sababu ya unyevu wa ardhi, na katika miaka ya kufungwa kwake maandishi yaliharibika. Baada ya kuanguka kwa utawala wa zamani mwaka 1989 kazi ilianza upya, na majina yote yakaandikwa mara ya pili kati ya mwaka 1992 na 1996. Mtu aingiapo humo akitafuta nakshi, huona kwa mbali kuta zenye rangi ya kijivu. Akisogea, rangi hiyo huwa herufi, na herufi huwa watu. Hapa desturi ya Benjamin wa Tudela imerudi, lakini kwa namna aliyokuwa hawezi kuidhani: yeye aliandika hesabu ya walio hai.

Benjamin mwenyewe alifika Misri, na katika habari za mji wa Fustat, ambao leo ni sehemu ya Kairo ya Kale, alitaja masinagogi mawili: moja la watu wenye kufuata desturi za Palestina na moja la wenye kufuata desturi za Babeli. Lile la Wapalestina ndilo linaloitwa Ben Ezra. Jengo la zamani lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 11, katika utawala wa khalifa al-Hakim, likajengwa tena. Na jengo linaloonekana sasa ni la mwishoni mwa karne ya 19. Limepambwa kwa marumaru na nakshi za kijiometri ambazo fundi wa msikiti au wa kanisa jirani angezitambua mara moja. Lakini umaarufu wake hautokani na marumaru. Unatokana na chumba kisicho na mlango, chenye tundu juu ukutani, ambalo hufikiwa kwa ngazi.

Sheria ya Kiyahudi hairuhusu kuitupa karatasi yenye jina la Mungu. Hutunzwa mpaka izikwe kwa heshima. Watu wa Fustat walizitupia karatasi zao katika chumba kile kwa muda wa karne nyingi, na kwa bahati njema hawakuzizika. Wala hawakuchagua sana: pamoja na vitabu vya dini waliingiza mikataba ya ndoa, hati za talaka, hesabu za maduka, mazoezi ya watoto wa chuo, na barua za biashara. Mwaka 1896 mabibi wawili wa Kiskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, ndugu pacha na wataalamu wa lugha za mashariki, walimwonyesha Solomon Schechter wa Cambridge vipande vya maandishi walivyovinunua safarini. Schechter alitambua thamani yake, akasafiri hadi Kairo mwishoni mwa mwaka huo, akapewa ruhusa na wakubwa wa jamaa, akaingia katika vumbi la chumba kile, na kupeleka Cambridge vipande karibu 193,000.

Vipande hivyo vina habari zinazowahusu hata watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa vimefumbua maisha ya Bahari ya Hindi katika zama ambazo maandishi yake ni haba. Katika barua hizo hutajwa pilipili, chuma, shaba, hariri, vyombo vilivyozama na vilivyochelewa msimu. Na bahari ile ilitawaliwa na pepo zile zile za kusi na kaskazi zilizoleta majahazi Kilwa na Mombasa. Mfanyabiashara Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Tunisia, alikaa pwani ya Malabar karibu miaka 17 katika karne ya 12, akawa na karakana ya vyombo vya shaba, akamwacha huru mjakazi wa Kihindi aliyeitwa Ashu, na Ashu akawa mama wa watoto wake. Na Musa bin Maimun, mwanafalsafa na tabibu mkuu aliyehamia Fustat kutoka magharibi, alikuwa na ndugu jina lake Daudi. Barua ya Daudi kutoka bandari ya Aydhab, kwenye Bahari ya Sham, imo katika vipande hivyo: alivuka jangwa kwa hatari, hakukuta bidhaa ya kununua, akaazimu kuelekea Bara Hindi. Chombo kilizama naye baharini. Nduguye, ambaye watu wa dini tatu walimheshimu kwa hekima yake, alilala mgonjwa mwaka mzima kwa huzuni.

Mwaka 1948 Misri ilikuwa na Wayahudi kati ya 75,000 na 80,000. Vita vya mwaka huo, vya 1956 na vya 1967, pamoja na kukamatwa kwa watu, kunyang'anywa mali na kuzidi kwa chuki, viliwaondoa karibu wote. Leo wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Serikali ya Misri imeyatengeneza majengo yao: sinagogi kuu la Aleksandria lilifunguliwa tena mwaka 2020, na Ben Ezra baada ya matengenezo mapya lilifunguliwa mwaka 2023. Ni jambo la kushukuriwa. Walakini msafiri ajue kwamba amesimama mbele ya mtungi uliohamishwa maji yake: karatasi ziko Cambridge na katika maktaba nyingine, wazao wa waandishi wake wametawanyika duniani, na mtungi umepakwa rangi vizuri.

Upande wa pili wa bahari hiyo, katika mtaa wa Mattancherry mjini Kochi, liko sinagogi la Paradesi, yaani la wageni. Lilijengwa mwaka 1568 katika ardhi iliyotolewa na mfalme wa Kihindu, likipakana na jumba lake na hekalu la dini yake. Mwaka 1662 Wareno waliliharibu. Miaka miwili baadaye, Waholanzi walipokwisha kushika bandari, lilitengenezwa. Katika karne ya 18 liliongezwa mnara wa saa, na sakafu ikatandikwa vigae vyeupe vilivyochorwa kwa mkono rangi ya buluu huko Uchina. Taa za kioo zimening'inia kutoka darini. Humo pia zimehifadhiwa bamba za shaba za mfalme wa kale wa Malabar, zilizompa kiongozi wa Wayahudi, Joseph Rabban, heshima na haki za kiungwana yapata miaka elfu moja iliyopita. Mgeni huvua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi ya nchi.

Katika nchi hiyo Wayahudi hawakuteswa na wenyeji. Ubaya uliowafika kutoka nje uliletwa na Wareno. Lakini upo ubaya waliotendeana wenyewe. Jamaa ya Paradesi, waliojiita weupe, walijitenga na Wayahudi wa Malabar waliokuwako kabla yao. Na waliotokana na watumwa walioachwa huru, ijapokuwa walishika dini ile ile na kusali katika nyumba ile ile, hawakuruhusiwa kukaa katika viti pamoja na wengine wala kuitwa kusoma Taurati. Walikaa chini, karibu na mlango. Abraham Barak Salem, aliyezaliwa mwaka 1882, alikuwa wa jamaa hiyo. Alisoma sheria, akashiriki katika harakati za uhuru wa Bara Hindi, na silaha ya Gandhi ya kukataa dhuluma pasipo kupiga aliiingiza ndani ya sinagogi lake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikaa mahali alipokatazwa, akagoma, akasihi, mpaka vizuizi vikalegea kimoja baada ya kimoja.

Ajabu ya mambo ni kwamba haki hiyo haikupata muda wa kukaa. Baada ya kuundwa kwa dola ya Israel mwaka 1948, karibu Wayahudi wote wa Kochi walihama kwa hiari yao, weupe na weusi, waungwana na wazao wa watumwa. Mwaka 1968 sinagogi lilipotimiza miaka mia nne, Indira Gandhi, waziri mkuu, alihudhuria sherehe. Lakini jamaa yenyewe ilikuwa imekwisha kupungua mno. Leo vigae vya Uchina hukanyagwa na maelfu ya wageni, na wenyeji wachache mno wamebaki. Mapambo ya ndani ya sinagogi jingine la Kochi yalifungwa yakapelekwa Yerusalemu, yakasimamishwa upya katika makumbusho ya Israel. Nyumba ile iliwafuata watu wake kuvuka bahari, lakini ilipofika ilikuta watu wamekwisha kujenga nyumba nyingine, nayo ikawa ya kutazamwa. Ipo basi namna ya tatu ya kuachwa: si kwa kufukuzwa wala kwa kuuawa, bali kwa tumaini la mahali pengine.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali tu. Karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, wako watu wanaoitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Mkubwa wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuishika nchi ya mashariki, kisha akaona hakulipwa kwa kadiri ya ahadi. Aliisoma Biblia kwa bidii, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe, akawatangaza wafuasi wake kuwa Wayahudi. Alifariki mwaka 1928. Nyumba zao za ibada zilikuwa za udongo na matofali, na hakuna mtu aliyevuka bahari kuzitazama. Idi Amin alipotawala, dini hiyo ilikatazwa na masinagogi yakafungwa. Wengi waliiacha, wachache, yapata mia tatu, waliendelea kusali kwa siri. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979 walitoka mafichoni, vijana wakawakusanya waliotawanyika, na mwaka 2016 wakafungua sinagogi jipya juu ya kilima cha Nabugoye.

Nyumba hiyo si ya kale, wala haishindani na El Tránsito kwa dari au na Paradesi kwa sakafu. Hata hivyo ndiyo iliyo na jawabu la nusu ya swali lililoulizwa. Watu wa Mbale walipoteza majengo kwa miaka kadha na ibada haikufa. Toledo ililinda majengo kwa miaka zaidi ya mia tano na ibada haikurudi. Katika mizani ya wale waliojenga, uzito uko upande wa watu kumi.

Nusu ya pili ya jawabu ni ya majengo yenyewe, na si haki kuyadhulumu. Mtu aliyetembea katika msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, au kati ya kuta za Gede, anajua kwamba magofu hufundisha kitu ambacho kitabu peke yake hakifundishi: urefu wa mlango, upana wa ukumbi, mahali pa kutawadhia, hushuhudia kwamba watu hawa walikuwako kweli, na walikuwa wengi hivi, na walitaka mambo mazuri. Kama chumba cha Fustat kingalibomolewa pamoja na karatasi zake, Daudi aliyezama angalikufa mara ya pili. Kama kuta za Pinkas zingaliachwa na unyevu wake, majina 78,000 yangalikuwa katika madaftari tu. Nyumba iliyofiwa haikuokoka kwa ukamilifu, lakini ni shahidi, na shahidi hunyamaza asipoulizwa.

Kwa hiyo wajibu umemwangukia mwenye kuzuru. Azitazame nguzo na taa, maana ziliwekwa zitazamwe. Na kisha aulize aliyoyauliza Benjamin katika kila mji: walikuwa wangapi, wakubwa wao walikuwa nani, walikula kwa kazi gani. Aongeze na maswali ambayo msafiri wa Tudela hakuhitaji kuyauliza: waliondoka mwaka gani, kwa amri ya nani, na wazao wao wanasali wapi leo. Na akikuta mlinzi mmoja tu aliyesalia kati ya jamaa nzima, ameshika funguo mlangoni, amwandike yeye pia, kama alivyoandikwa yule mtia rangi nguo wa Jaffa.